Trekta limegoma msimu wa kulima: dalili, vyanzo na pa kuanzia kwa wenye matrekta wa Mtwara na Lindi

Kuanzia mwisho wa Novemba hadi Januari, simu za mafundi wa trekta huku kusini hazipumziki. Pesa ya korosho imeanza kuingia, mvua imegusa udongo, na kila mwenye shamba kuanzia Tandahimba hadi Liwale anataka kulimiwa leo hii. Trekta lililolala miezi chini ya mwembe linaamshwa kwa betri ya kuazima na kufungwa plau. Kufika saa nne asubuhi limeshazima katikati ya shamba.

Mwongozo huu ni wa matrekta ya kazi za kawaida, yale ya nguvu za farasi 45 hadi 90: Massey Ferguson 240, 275, 290 na wenzake, Ford na New Holland, Swaraj, Mahindra, Sonalika, John Deere na Kubota za ukubwa huo. Nimepanga kwa dalili, kwa sababu dereva akipiga simu hasemi mfumo wa mafuta una kasoro. Anasema, "Fundi, limezima na halitaki tena." Chini ya kila dalili nimeanza na chanzo ninachokutana nacho mara nyingi, kile adimu kikaja mwisho. Fuata mpangilio huo. Watu wanapoteza pesa nyingi kwa kufungua pampu ya dizeli au kushusha silinda hedi, kumbe tatizo lilikuwa uchafu wa kutoa kwa mkono.

Kabla hujagusa chochote: shusha plau au haro hadi chini, weka gia huru, vuta breki ya mkono, zima injini, toa ufunguo uweke mfukoni mwako, weka jiwe au gogo kwenye tairi la nyuma. Usimwachie ufunguo utingo aliye juu ya kiti.

Ukipiga stata, kimya au linalia "tik" tu

Anza kwenye vichwa vya betri. Ukanda wa pwani, kuanzia Kilwa kushuka Lindi, Mikindani hadi Mtwara mjini, hewa ina chumvi, na vichwa vya betri huota unga mweupe au wa kijani haraka kuliko kule Nachingwea. Fungua vyote viwili, ukianza na cha hasi. Mwagia maji ya moto, sugua kwa msasa au brashi ya waya hadi risasi ing'ae, kaza, kisha paka grisi kwa juu. Fuata na waya wa ethi, ule unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi. Mara nyingi boliti yake imekaa juu ya rangi au kutu, na stata inakosa njia ya kurudishia umeme.

Kama una mita, betri nzima iliyopumzika husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, ichaji kwanza. Mtu apige stata huku unaangalia mita: ikishuka chini ya 9.5 hivi, betri imechoka au stata inakula umeme kupita kiasi.

Vikiwa sawa hivyo, kumbuka kwamba matrekta mengi hayakubali stata mpaka gia iwe huru au klachi ikanyagwe, kwa sababu kuna swichi ya usalama pale. Tikisa fimbo ya gia, kanyaga klachi mpaka mwisho, jaribu tena. Panya nao hupenda kutafuna nyaya za trekta lililolala, kwa hiyo kagua nyaya zinazopita chini ya dashibodi. Baada ya hapo ndipo unashuku solenoidi ya stata (swichi ya sumaku inayoipelekea umeme), na mwisho kabisa stata yenyewe: kaboni zimeisha au bushi zimelika. Hiyo ni kazi ya fundi umeme.

Onyo ambalo naomba kila dereva alisome. Usisimame chini, mbele ya tairi la nyuma, ukaunga stata kwa bisibisi. Njia hiyo inaipita ile swichi ya usalama. Trekta likiwa kwenye gia litawaka na kuondoka papo hapo, na wewe umesimama kwenye njia ya tairi. Watu wamekufa hivyo katika nchi nyingi, na bado naona vijana wakifanya kila msimu. Washa ukiwa umekaa kwenye kiti. Kama haliwezekani, haliwashwi siku hiyo.

Stata inazungusha vizuri lakini injini haiwaki, au linawaka na kuzima

Hapa ndipo kazi nyingi zilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza tazama kile kitasa cha kuzimia. Kwenye matrekta ya zamani ni kamba ya kuvuta. Ikibaki imevutwa nusu, dizeli haipiti. Rudi kwenye pampu uone kama mkono wake umerudi mpaka mwisho, maana waya wa kamba hushika kutu ndani ya ganda lake. Kwenye matrekta mapya kazi hiyo inafanywa na solenoidi, basi angalia fyuzi yake.

Pili, dizeli ipo? Geji za matrekta mengi zilishakufa. Chomeka kijiti kisafi. Dizeli ikiwa kidogo na trekta limesimama kwenye mteremko, linavuta hewa hata kama tenki halijaisha.

Tatu, na hili ndilo linaloongoza: maji na uchafu kwenye dizeli. Vijiji vingi viko mbali na kituo cha mafuta, na dizeli inafika kwa dumu juu ya pikipiki. Dumu lenyewe jana lilibeba maji, mfuniko wake ni kipande cha nailoni, na linamiminwa shambani upepo ukipuliza vumbi. Tenki lililolala nusu tupu nalo hutoa jasho ndani usiku baada ya usiku, na maji hayo yanatulia chini. Fungua kikombe cha kioo chini ya filta, au ile skrubu ya kumwagia, ukinge kwenye chupa safi ya plastiki. Iache itulie dakika chache, uinyanyue kwenye mwanga. Maji yatakaa chini kama lenzi ing'aayo, dizeli ikielea juu yake, na katikati mara nyingine utaona utando wa kahawia unaoteleza ukiugusa. Huo ni ukungu na bakteria wanaoishi kwenye mpaka wa maji na dizeli, na ndio wanaoziba filta mpya ndani ya siku mbili. Ukiuona utando huo, kubadili filta peke yake hakutakusaidia. Mwaga tenki lote, lioshe kwa dizeli safi, kisha ndipo ufunge filta mpya.

Nne, hewa. Baada ya kubadili filta au kuishiwa dizeli, hewa inabaki kwenye mabomba na pampu haiwezi kuisukuma. Kwa injini za zamani zenye pampu ya kuzunguka, kama Perkins nyingi zilizo kwenye Massey Ferguson, fanya hivi:

1. Jaza dizeli, fungua koki ya tenki.
2. Legeza boliti ya kutolea hewa juu ya filta. Pampu kwa mkono ile pampu ndogo ubavuni mwa injini mpaka dizeli itoke bila mapovu, kisha kaza huku bado unapampu.
3. Legeza skrubu ya hewa kwenye pampu kubwa, ile ya ubavuni kwanza na ile ya juu kwenye gavana baadaye. Fanya vilevile.
4. Weka kitasa cha kuzimia mahali pa kuwaka, sukuma akselereta mpaka mwisho. Legeza nati za mabomba mawili kwenye noseli (vinyunyizi vya dizeli juu ya injini), piga stata mpaka dizeli ichuruzike, kaza. Usipige stata zaidi ya sekunde 15 mfululizo. Iache ipoe.

Mkono wa pampu ndogo ukiwa mlegevu na hausukumi kitu, usikimbilie kununua nyingine. Mara nyingi kem ya injini imesimama mahali ilipoubana. Zungusha injini kidogo, ujaribu tena.

Hewa ikirudi kesho yake, kuna mahali inaingia. Mtuhumiwa wa kwanza ni mpira wa filta. Fundi aliyebadili filta kwa haraka huacha mpira wa zamani umegandia juu kwenye kichwa, anaweka mpya chini yake, na miwili ikikaliana haizibi. Toa filta, pitisha kidole ndani ya mfereji wa kichwa, hakikisha mpira ni mmoja tu. Kisha kagua washa za shaba na bomba linalotoka kwenye tenki. Sehemu iliyo kabla ya pampu ndogo inavuta, kwa hiyo tundu lake halivujishi dizeli nje na hulioni kwa macho. Ibadili hata ukiwa na shaka tu.

Simama hapa. Dizeli inayotoka kwenye noseli ina shinikizo zaidi ya mara mia ya upepo ulio kwenye tairi la nyuma. Inatoboa ngozi bila maumivu makubwa, na mtu anaweza kupoteza kidole au mkono. Usitafute mvujo kwa kidole. Tumia kipande cha kadibodi. Ikikuingia, nenda hospitali papo hapo hata kama kidonda ni kama cha sindano, umwambie daktari kwamba ni dizeli. Na kama trekta lako ni jipya lenye mfumo wa dizeli unaoendeshwa na kompyuta, usilegeze bomba lolote la noseli. Shinikizo lake ni kubwa mara nyingi zaidi. Mwite fundi mwenye kifaa cha kulisoma.

Kufungua pampu kubwa ya dizeli si kazi ya chini ya mkorosho. Inahitaji meza safi na mashine ya kupimia. Ukishathibitisha kwamba dizeli safi isiyo na hewa inafika kwenye pampu na haitoki upande wa pili, ndipo uifungue kutoka kwenye injini, uizibe mabomba, uipeleke nzima kwa fundi wa pampu.

Linawaka, lakini plau ikishika udongo nguvu inakwisha

Tazama moshi kabla ya kushika spana.

Moshi mweusi unamaanisha dizeli nyingi kuliko hewa. Fungua ea klina. Huku kwetu kuna sababu mbili zinazoiziba ambazo sehemu nyingine hawana. Ya kwanza ni salfa. Kati ya Mei na Agosti mikorosho inapulizwa salfa ya unga kuzuia ubwiri unga, na trekta linalofanya kazi jirani linavuta ule unga siku nzima. Ya pili ni matawi. Mkorosho unainama mpaka chini, na haro ikipita kati ya mistari, tawi linang'oa kofia ya ea klina au kuilegeza shingo yake. Dereva anaendelea, maana injini haijazima. Kuanzia hapo vumbi la Makonde linaingia moja kwa moja kwenye silinda, na injini inaweza kumalizika ndani ya msimu mmoja. Mkishatoka kwenye mikorosho, kila siku, shika ile shingo kwa mkono uitikise. Ikicheza, kaza klipu au badili mpira wake kabla ya kuwasha tena.

Filta ya karatasi igongwe taratibu kwenye kiganja, au ipulizwe kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje. Usiioshe kwa dizeli wala petroli. Ile ndogo ya ndani haisafishwi, inabadilishwa. Ea klina ya oili, ile yenye bakuli chini, bakuli lifunguliwe kila siku wakati wa vumbi. Tope likijaa chini, mwaga, osha, weka oili mpya mpaka kwenye alama, isizidi. Ikizidi, injini itaivuta.

Hakuna moshi wa ajabu lakini nguvu haipo? Rudi kwenye filta ya dizeli. Kisha fungua mfuniko wa tenki huku injini inahema. Ukisikia "fyuuu" na nguvu ikarudi, tundu la kupumulia la mfuniko limeziba. Nyigu na mavu hupenda sana matundu hayo.

Moshi mweupe asubuhi ukaisha ni kawaida. Usipoisha, na maji ya rejeta yanapungua, soma sehemu inayofuata. Moshi wa bluu ni oili inayoungua: ringi za pistoni, miongozo ya valvu au ujazo uliozidi. Ili kuthibitisha ringi, fungua mfuniko wa oili injini ikiwa inazunguka taratibu. Mvuke kidogo si kitu. Ukitoka kwa mapigo, kama treni, ringi na silinda zimelika na dawa ni kufungua injini.

Kama unasikia injini inavuta sawa ila tairi za nyuma zinazunguka kwenye mchanga, injini haina kosa. Punguza kina cha plau, pima upepo wa tairi, ongeza uzito au maji kwenye tairi za nyuma. Naliona hili sana kwenye udongo wa kichanga wa uwanda wa Makonde, na watu wanamlaumu fundi.

Injini inachemsha

Anzia mbele ya rejeta. Fungua boneti (si mfuniko wa rejeta), uangaze tochi. Majani makavu, maganda ya ufuta, mbegu za nyasi na vumbi hutengeneza blanketi ambalo kwa mbele unaweza hata usilione, kwa sababu limeingia katikati ya mapezi. Hewa inavutwa na feni kutoka mbele, kwa hiyo safisha kinyume: puliza au osha kutoka upande wa feni kwenda mbele, injini ikiwa imepoa. Usitumie maji ya nguvu sana, mapezi yatalala. Wakati uko hapo, zoa majani makavu juu ya manifoldi ya egzosi. Majani ya mkorosho yakikauka yanashika moto upesi, na unga wa salfa nao unawaka.

Kisha feni belti. Ibonyeze katikati kwa kidole gumba. Ikizama kama sentimita 1 hadi 1.5 ni sawa kwa matrekta mengi. Ikizama zaidi, au ubavu wake unang'aa kama umepakwa mafuta, inateleza.

Kisha maji. Juu ya uwanda, Newala na Tandahimba, maji safi ni ya tabu, na nimeona rejeta ikijazwa maji ya bwawa la mifugo. Tope linakaa chini na chokaa inaganda ndani ya mirija mpaka inabaki nafasi ya njiti ya kiberiti. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi ni bora mara nyingi kuliko ya bwawa au ya kisima cha chumvi. Changanya na kulanti ya kuzuia kutu kama kopo linavyoelekeza. Haitumiki kwa ajili ya baridi peke yake, inalinda silinda na kupandisha kiwango cha kuchemka.

Baada ya hapo ni themostati. Itoe, iweke kwenye sufuria ya maji jikoni. Nyingi zinaanza kufunguka karibu nyuzi 82, yaani lazima ifunguke kabla maji hayajachemka. Isipofunguka, nunua nyingine. Usikubali ushauri wa kuitupa. Kwenye injini nyingi, ikiondolewa sehemu ya maji inapita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, na injini inayobaki baridi inakula silinda.

Mwisho ni gasketi ya silinda hedi. Dalili zake: mapovu yasiyoisha kwenye rejeta uliyoifungua injini ikiwa bado baridi, oili yenye rangi ya chai ya maziwa, maji yanayopungua bila kuonekana yanakokwenda. Ukiona moja ya hizo, zima na usilime hata mstari mmoja wa kumalizia.

Likichemka shambani, toa mzigo, nyanyua plau. Kama maji hayajamwagika na taa ya oili haijawaka, acha injini izunguke taratibu dakika chache ipoe sawasawa. Kama maji yamemwagika, zima palepale. Mfuniko wa rejeta usiguswe mpaka uweze kushika rejeta kwa kiganja. Mvuke ule unavua ngozi ya uso. Na usimwage maji baridi kwenye injini yenye moto, utaipasua hedi.

Oili ya injini inaongezeka badala ya kupungua

Watu hufurahia hili, na ni dalili mbaya. Inamaanisha kuna kitu kinaingia. Nusa kijiti: ikinuka dizeli, ngozi ya pampu ndogo ya dizeli imetoboka au sili ya pampu kubwa imekwisha. Ngozi ya pampu ndogo ni ya bei ndogo. Ikiwa ya maziwa, ni maji. Kwa vyovyote usiwashe. Oili iliyochanganyika na dizeli haishiki beringi, na ikizidi sana injini inaweza kuivuta na kuanza kukimbia yenyewe hata ukivuta kamba ya kuzimia. Likitokea hilo, ziba mdomo wa hewa kwa ubao au gunia lililokunjwa, kamwe si kwa mkono, na watu wakae mbali.

Haidroli hainyanyui, au inanyanyua na kushuka

Fimbo za kuongozea mikono ya kunyanyulia kwanza. Massey Ferguson ina fimbo mbili pale pembeni, na dereva mgeni akiiacha moja mahali pasipo pake, mikono hainyanyuki kabisa na hakuna kilichoharibika. Pia, kwenye matrekta yenye klachi ya hatua mbili, ukiikanyaga mpaka chini PTO (shafti ya nyuma inayoendesha mashine) na pampu ya haidroli vyote vinasimama. Dereva anayepumzisha mguu juu ya klachi anashangaa kwa nini plau inasita.

Kisha oili. Pima trekta likiwa sehemu tambarare na mikono imeshushwa. Kwenye matrekta mengi ya ukubwa huu oili ya haidroli, gia na breki ni moja, ndani ya nyumba moja. Ukimimina oili nzito ya gia ya kawaida, pampu inalia na breki zinanguruma. Nunua ile inayotajwa kwenye kitabu. Ikiwa nyeupe, maji yameingia kupitia mpira wa fimbo ya gia au sili ya PTO kipindi limenyeshewa. Imwage yote.

Filta au chujio la haidroli linafuata. Ukivitimiza hivyo, tazama tabia yake. Inanyanyua mikono mitupu lakini haibebi plau: pampu imechoka, valvu ya usalama ni dhaifu au oili inapita ndani. Inanyanyua, kisha mikono inatikisa kichwa juu na chini huku injini inaendelea: sili ya pistoni ya kunyanyulia inavuja. Ukizima injini na plau ikashuka ndani ya dakika moja mbili, ni kitu hichohicho. Kushusha kifuniko cha juu ni kazi nzito yenye springi na vipimo vyake. Mwite fundi aliyewahi kuifanya kwenye aina yako ya trekta. Na usiingie chini ya plau au haro iliyonyanyuliwa na haidroli peke yake, hata kufungua boliti moja. Weka magogo imara.

Klachi inateleza, au gia zinasaga

Injini inapanda mlio, trekta linapunguza mwendo, kuna harufu ya kitu kinaungua: klachi inateleza. Kwanza rekebisha nafasi ya pedali kama kitabu kinavyosema. Pedali isiyo na nafasi ya bure inaibana klachi muda wote. Pili, mguu wa dereva. Tatu ndipo diski imelika au imelowa oili ya sili.

Gia zikisaga ukiwa umekanyaga mpaka mwisho, nafasi imezidi, au diski imeganda kwa kutu kwenye flaiwili baada ya kulala masika nzima. La pili hili naliona zaidi ukanda wa pwani. Mwakani, ukilipumzisha trekta, kanyaga pedali na uizuie kwa kipande cha mbao. Kuigawanya trekta katikati kufikia klachi ni kazi ya watu wenye vifaa vya kubebea. Usikubali ifanywe kwa jeki moja na mawe.

Usukani unacheza, breki zinavuta upande mmoja

Nyanyua mbele, weka magogo, tikisa tairi kwa mikono miwili juu na chini. Ikicheza, ni beringi au kingpini. Tikisa kushoto na kulia: ni ncha za fimbo za usukani. Nyingi zinaisha kwa kukosa grisi tu, na grisi ya ekseli ya mbele ni ya kila siku kwenye vumbi.

Breki zirekebishwe zivute sawa, na pedali mbili zifungwe pamoja kabla ya kuingia barabarani. Ukishuka ukingo wa uwanda upande wa Newala na tela la mahindi au maji lisilo na breki, weka gia ndogo kabla ya mteremko kuanza na usikanyage klachi njiani. Tela litalisukuma trekta, na gia zikiachia hutaweza kuzirudisha.

Neno moja kuhusu visiki, maana mashamba mapya ya ufuta yamejaa. Kisiki kinavutwa kwa mnyororo uliofungwa kwenye ndoano ya chini ya kuvutia tu. Ukiufunga juu, kwenye mkono wa kati au kwenye ekseli, kisiki kikigoma trekta linainuka mbele na kumwangukia dereva kwa nyuma ndani ya sekunde moja au mbili. Hapo hakuna fundi wa kuitwa.

Ukimpigia fundi

Mwambie aina na namba ya modeli iliyo kwenye kibao, trekta lilikuwa likifanya nini lilipoanza, moshi wa rangi gani, saa za injini kama mita inasoma, na yote uliyokwisha kuyakagua. Piga picha ya kifaa na namba yake umtumie. Vipuri vingine havipo Masasi wala Lindi mjini, vinaagizwa Dar es Salaam na kuja na basi. Fundi akijua mapema, atapita dukani kabla ya kuja. Mwambie pia njia ikoje. Kama mto umejaa na gari halipiti, atabeba vifaa vinavyoenea kwenye pikipiki, na hilo linabadilisha kazi anayoweza kukufanyia siku hiyo.